Aliyenoa Hujinyoa Kwanza

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu, Mlezi wa Mihuri Midogo na Mikubwa, Msimamizi wa Adabu za Makarani, Mshindi wa Nishani ya Subira Daraja la Pili: mimi, Salehe Mbwego, Karani Mnakili wa Daraja la Nne, naomba kwa unyenyekevu kujieleza, kama barua yako ilivyoniagiza, kwa nini katika Fomu Namba Kumi na Tisa nafasi ya cheo cha Bi. Kidawa niliiacha wazi. Naanza kwa kuishukuru Kamati kwa kunishuku mapema.

Basi, hapo Kamati imemaliza. Kwa miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi Wizara ya Majina na Vyeo sijaiona ikisoma zaidi ya aya ya kwanza. Ikiona vyeo vyake vimepangwa sawasawa, hugonga muhuri, hufunga faili na kwenda kunywa chai. Sasa tumebaki mimi na wewe msomaji, kwa hiyo vuta kiti.

Nchi yetu siitaji jina. Si kwa woga, ni kwa utii. Sheria inakataza raia kulitaja jina la nchi bila kibali, na ombi langu la kibali liko mezani kwa mtu aliyekwenda likizo mwaka juzi. Kwetu kila kitu kina cheo. Mfagiaji wa ofisi yetu ni Mkurugenzi Msaidizi wa Vumbi la Chini. Vumbi la juu lina mkurugenzi wake kamili, naye hana ufagio. Waziri wetu, Sifaeli Ndimbwa, ana vyeo arobaini na vitatu, na vinaposomwa kwenye hafla wajawazito huombwa wasije, maana mmoja alishawahi kujifungua kabla havijaisha.

Lakini fahari ya Waziri si vyeo, ni ndevu. Ziko kwenye stempu, ziko kwenye kalenda, na shuleni watoto hufundishwa kuzichora kabla hawajajua kuchora nyumba. Ziweke akilini hizo ndevu, tutazirudia.

*

Mjini kwetu kuna kikundi cha watu wasio na madhara. Kila Jumamosi asubuhi hukutana barazani kwa Bi. Kidawa kunoa nyembe za kukunja, zile za zamani zenye mpini wa pembe ambazo babu zetu walinyolewa nazo. Hawalipwi. Nyembe za kutumia mara moja na kutupa zimejaa kila duka, lakini wao wanaipenda kazi yenyewe: kinoo, matone ya maji, mkono unaokwenda na kurudi, halafu ukanda wa ngozi wa kumalizia makali. Yuko nesi, yuko seremala, yuko mwalimu wa shule, na yuko karani mmoja wa serikali ambaye sitamtaja kwa sababu namheshimu sana.

Katiba hawana, wana desturi. Aliyenoa hujinyoa kwanza, kwa wembe huohuo, mbele ya mwenye wembe. Akitoka damu, anakwenda kusuuza vinoo vya wenzake na hasemi neno. Akitoka salama, mwenye wembe naye ananyoa, anapapasa kidevu, na kama kazi ni nzuri anasema neno moja tu: "Sikuusikia." Makofi hakuna. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wembe uliotiwa maji ya sifa ni hatari kuliko tembo.

Bi. Kidawa alikuwa mkunga kwa miaka thelathini. Ndevu hana, kwa hiyo yeye huujaribu wembe kichwani kwake, na akiteremsha mtandio utaona upara unaong'aa kama sahani iliyooshwa. Kinoo chake cheusi alikirithi kwa mama yake, marehemu Mize. Kazi yake hasa ni watoto wachanga. Mtoto wa mtaa ule akifika arobaini, yeye ndiye anayemnyoa nywele alizozaliwa nazo.

"Mtu mzima atakudanganya kwa haya," huwa anasema. "Mtoto haya hana. Ukimkwaruza, mtaa mzima utajua."

Balaa lililetwa na Mwalimu Chediel, mtu mwema anayependa kila kitu kiwe na kichwa cha habari. Jumamosi moja alifungua daftari na kuuliza, "Jamani, hawa wanaonoa vizuri kuliko wengine, sisi wenyewe humu ndani tuwaiteje?"

"Fundi," akasema seremala.

"Fundi hata wa baiskeli ni fundi," akasema nesi. "Tuseme bingwa."

"Bingwa kamshinda nani?"

"Basi ustadhi wa makali."

"Ustadhi? Huyo seremala swala ya mwisho aliswali lini?"

Walibishana Jumamosi nne, na katika Jumamosi hizo nne haukunolewa wembe hata mmoja. Bi. Kidawa alipoulizwa anapenda aitweje, alikuwa anadondoshea kinoo maji. "Nikiwa mbali, niiteni mtakavyo," alisema. "Nikiwa karibu, angalieni mkono."

Hilo lilikuwa jibu, lakini Mwalimu Chediel alitaka jibu linaloandikika. Kwa nia njema kabisa akapeleka barua gazetini, akiwaomba wasomaji maoni: wanoa nyembe hodari waitweje?

*

Wizarani barua ile ilisomwa Jumatatu saa tatu, na saa nne milango ilikuwa imefungwa na walinzi wameongezwa. Raia wanagawana vyeo barazani! Waziri Ndimbwa aliitisha mkutano wa dharura, akasimama, akazichana ndevu kwa vidole, akahutubia.

"Ndugu zangu," alisema, "leo wanataka kumwita mtu Bingwa wa Wembe. Kesho watamwita mtu Rais wa Sabuni. Na keshokutwa, nasema bila kificho, keshokutwa watafika mahali pa kumwita mtu kwa jina lake tu!"

Ukumbi mzima uliguna. Mama mmoja wa idara ya mihuri ilibidi apepewe.

Ikazaliwa Sheria ya Kutambua Makali. Kuanzia siku hiyo kutakuwa na Mnoaji Msaidizi, Mnoaji, Mnoaji Mwandamizi, na juu yao wote Mnoaji Mkuu wa Taifa, ambaye kwa bahati nzuri alipatikana palepale ukumbini, akiwa Waziri mwenyewe. Asiye na cheo asiguse kinoo. Na kichwa au kidevu cha raia kisiguswe kwa wembe wowote isipokuwa ulionolewa na mwenye cheo. Mwombaji alete picha nne zinazoonyesha masikio yote mawili, barua ya mjumbe, na awe na ndevu zake mwenyewe. Kisha afanye mtihani wa maswali mia, na tisini kati ya hayo yalihusu utoto wa Waziri. Waziri mwenyewe alifanya, akapata alama mia na nne.

Wataalamu kumi na wanane, ndio haohao wa Kamati ya Nidhamu, waliandika kanuni. Walipofika ya sita, chakula cha mchana kikaletwa, na baada ya chakula hakuna aliyekumbuka walikuwa wanaandika nini. Mkurugenzi wa Makali, Bwana Kasiga, akanisukumia makaratasi.

"Mbwego, hao wa barazani si wana taratibu zao? Zinakili, zipake lugha ya serikali, tumalize."

Mimi ni mnakili, nikanakili. Kanuni ya saba ikasomeka hivi: "Mwenye cheo, akishanoa, atajinyoa yeye kwanza, hadharani, kwa wembe huohuo, kabla ya raia yeyote kuguswa." Wakasaini wote kumi na wanane. Waziri akasaini kwa wino wa kijani. Hakuna aliyeuliza, na kazi ya karani si kuulizwa.

*

Bi. Kidawa alikuja dirishani kwetu Wizarani siku ya tatu ya utekelezaji. Binti yake, Saumu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Arobaini ilikuwa imebaki siku kumi na tatu. Jina la mtoto lilikuwa bado, kwani faili lake lilikuwa ghorofa ya pili likisubiri saini. Bibi hakuja kuomba sifa. Alichotaka ni ruhusa ya kumnyoa mjukuu wake mwenyewe.

Bwana Kasiga alizikagua zile picha nne, akahesabu masikio, akatosheka. Halafu akainua macho.

"Bibi, una ndevu?"

"Nina kichwa."

"Sheria haikutaja kichwa cha mwombaji."

"Nimeona hivyo," akasema Bi. Kidawa. "Inaonekana hata walioiandika hawakuwa nacho."

Kasiga alijifanya hakusikia. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kunoa ni jambo nyeti, linahitaji mtu aliyetambuliwa.

"Kasiga mwanangu," Bi. Kidawa akamkata, "mimi ndiye niliyekukata kitovu. Usiku huo mama yako aliniuliza cheo?"

Foleni nzima ikacheka. Kasiga akawa mwekundu masikio yote mawili, na kwa hasira akaandika hati ya kukamata. Jioni hiyo walikwenda wakachukua vinoo vyote vya barazani. Kile cheusi cha marehemu Mize walikifunga kwa gazeti kama samaki. Mimi ndiye niliyeagizwa kuandika orodha. Niliandika "kinoo kimoja, cheusi," na mkono ulikuwa mzito kwa aibu. Miaka yote ile kidevu changu kilikuwa kimepona kwa jiwe hilo, na sasa nalisainia kama mali ya wizi.

Bi. Kidawa hakulia. Alisimama mlangoni amekunja mikono. "Chukueni," alisema. "Mkono wangu hamuufungi kwa gazeti."

Mwalimu Chediel alikuja kesho yake na kilo mbili za sukari na macho yaliyovimba. "Bibi, mdomo huponza kichwa, mimi kalamu yangu imeponza kichwa cha mjukuu wako. Niambie nifanye nini."

"Wewe si unapenda kuandika?" akasema Bi. Kidawa. "Andika tena."

Wakaandika pale mkekani. Karani yule ninayemheshimu alikuwa amewapitia na nakala ya kanuni, akawaonyesha kwa kidole ile ya saba, kisha akaenda zake nyumbani kulala usingizi mzuri. Barua ilikuwa na adabu tele: wananchi watiifu wa mtaa, kwa kuwa hawana mwenye cheo hata mmoja, wanamwomba Mnoaji Mkuu wa Taifa aje kwa mikono yake mitukufu anoe wembe wa kumnyolea mtoto. Waandishi wa habari, waliongeza, wangefurahi sana.

Waziri aliisoma mara mbili. Pale penye "mikono mitukufu" alisoma mara tatu.

*

Siku ya arobaini ilikuja na magari manane na bendi. Vyeo vilisomwa, sasa vilikuwa arobaini na vinne. Kinoo cha marehemu Mize kiliteremshwa kikiwa ndani ya kisanduku cha kioo, na chini yake kibao: KINOO CHA TAIFA. Waziri akakunjua wembe, akautazama kana kwamba ni yeye aliyegundua chuma, akausimamisha wima na kuusugua kwenye jiwe kama anayekuna nazi. Mara tatu, kwa ajili ya kamera tatu.

Kila aliyewahi kushika kinoo pale aliusikia mlio ule kwenye meno. Bi. Kidawa alifumba macho. Jiwe la mama yake, miaka sitini bila mkwaruzo, sasa lilikuwa na mifereji mitatu. Nilikuwa nimeshika faili, na sitaficha: nilitamani lingekuwa zito zaidi, nipate cha kumpigia.

"Leteni raia," Waziri akaamuru.

Saumu akamkumbatia mtoto kifuani, akarudi nyuma hadi ukutani. Ndipo Mwalimu Chediel aliposimama.

"Mheshimiwa, kanuni ya saba."

"Kanuni gani?"

Kasiga akanigeukia. Nikafungua faili, nikasoma kwa sauti ya kikarani, ile isiyo na upande: mwenye cheo, akishanoa, atajinyoa yeye kwanza, hadharani, kwa wembe huohuo. Nikaonyesha na saini ya kijani.

Mkono wa Waziri ukapanda wenyewe ukazishika ndevu, kama mtu aliyesikia kuna wezi sokoni.

"Hiyo," alisema, "ni kwa wanoaji wa kawaida."

"Imeandikwa mwenye cheo, Mheshimiwa," nikasema. "Mheshimiwa anavyo arobaini na vinne."

"Basi nakasimu! Nakasimu madaraka kwa Mkurugenzi wa Makali!"

Bwana Kasiga alikuwa na kindevu kidogo, cha kupatia kazi. Akapaka sabuni, akaweka wembe, akavuta mara moja. Damu ikaruka mpaka kwenye tai. Akakaa chini, leso kidevuni, akatangaza kwamba kanuni imetekelezwa kwa kiasi cha kuridhisha.

"Aliyetoka damu huenda kusuuza vinoo," Mwalimu Chediel akakumbusha. Mtaa mzima ukaangua kicheko, na hapo nilijua kuna kitu kimekatika ambacho si ngozi tu. Waziri akawatazama maofisa wengine wenye vyeo. Mmoja alikumbuka kikao. Mwingine alifiwa na mama yake palepale, kwa mara ya pili mwaka huo.

Ndipo Bi. Kidawa alipoinuka.

"Saumu, umemaliza uji?"

"Nimemaliza, mama."

"Nipe bakuli."

Lilikuwa bakuli jeupe la kauri, la kawaida, la kila nyumba. Akalisuuza, akaligeuza juu chini. Kwenye kitako cha bakuli la namna hiyo kuna duara jembamba lisilopakwa rangi, linalokwaruza kidogo ukilipitishia kidole. Akauchukua ule wembe wa Waziri, akauosha kwa maji ya moto na spiriti kama alivyofanya hospitali miaka thelathini, akaulaza ubavu kwenye duara lile.

"Bibi!" Kasiga akapiga kelele nyuma ya leso. "Huna cheo! Huruhusiwi kugusa kinoo!"

"Nimegusa kinoo? Hili bakuli."

Kasiga akapekua sheria kutoka mwanzo hadi mwisho, akiiachia madoa ya damu. Bakuli halikuwemo, na wembe wenyewe ulishanolewa na mwenye cheo, Waziri.

Alinoa muda mrefu, karibu saa nzima, maana mikuno mitatu ya Waziri ilikuwa imeyavunja makali vibaya. Hakuna aliyeondoka. Bendi iliweka matarumbeta chini. Ilisikika sauti moja tu, ndogo, ya kwenda na kurudi, na watu waliopenda sauti hiyo kila Jumamosi walisimama wakiisikiliza huku machozi yakiwatoka bila kujificha. Alimalizia kwenye mkanda wa Mwalimu Chediel, ambaye ilimbidi ashikilie suruali kwa mkono.

Kisha Bi. Kidawa akateremsha mtandio. Mbele ya Waziri, mbele ya kamera, mbele ya magari manane, akajinyoa kichwa chake kuanzia kisogoni hadi kwenye paji. Akakigeuza huku na huku watu waone. Halikutoka hata tone.

"Mlete."

Mtoto alikuwa amelala. Alinyolewa amelala. Vinywele vilianguka kwenye kitambaa cheupe kimoja baada ya kingine, na mara moja tu alinyonya midomo, kama anayeota maziwa. Bi. Kidawa alipomaliza alipitisha kiganja kwenye kichwa kile cha mviringo. Mtaa ukasema kwa pamoja, polepole, kwa kuogopa kumwamsha:

"Hakuusikia."

Bi. Kidawa akamwinua. "Anaitwa Mize," alisema.

Waziri, ambaye alikuwa ametafuta neno la kusema kwa saa nzima, alilipata. "Jina hilo lina kibali?"

"Lina mwenyewe."

*

Magari yaliondoka bila bendi. Bendi ilibaki kula pilau. Kinoo walikwenda nacho, kipo makumbusho, na mifereji yake mitatu imeandikiwa maelezo kwamba ni alama za kale. Bi. Kidawa hajakiulizia. Wiki iliyofuata ilitoka amri ya kusajili mabakuli yote nchini, na vikombe vyenye kitako cha kukwaruza. Maofisa walikuwa wa kwanza kutii, na sasa kantini ya Wizara tunakunywa supu kwenye mifuko ya nailoni. Mtaani watu wamegoma kusajili. Kila Jumamosi barazani kuna mabakuli thelathini yaliyogeuzwa juu chini, na uji huliwa kwanza.

Ule ubishi wa aitweje nao uliisha siku ile, bila kura. Bi. Kidawa akipita, watu hawasemi fundi wala bingwa. Wanapapasa kidevu. Wanawake hupapasa kichwa. Na gari la Waziri likipita, watu hupapasa vilevile, ila polepole zaidi, wakilitazama mpaka lipinde kona. Wizara imeunda tume kuchunguza kama ni kosa. Waziri hatoki tena bila skafu iliyofunika ndevu, hata jua liwe kali namna gani.

Ndipo ikaja Fomu Namba Kumi na Tisa, ya kuwaorodhesha wanoaji haramu. Niliandika: Jina, Kidawa binti Mize. Kazi, mkunga. Nilipofika kwenye cheo nikaenda mtaani kuuliza, kama utaratibu unavyotaka. Niliuliza nyumba arobaini. Hakuna aliyetamka neno; wote walipapasa, wanaume kidevu, wanawake kichwa. Mashine yangu ya kuchapa haina kitufe cha hilo. Bwana Kasiga alinishauri niandike "hana", na nikakataa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, kwa sababu ungekuwa uongo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, kama kwa bahati mbaya umefika huku chini, maelezo yangu ni haya, nami nimeyaandika nikiwa na akili timamu na kidevu laini. Mnasema nafasi ile nimeiacha tupu. Si tupu, nimeinyoa. Nilianza kuwanyoa nyinyi kwenye kanuni ya saba, mkasaini wote kumi na wanane, na hamkuusikia.